Kupiga Kambi na Farasi Pembezoni mwa Jiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayejua kupanda farasi lakini hajawahi kulala naye nje, na ambaye mapori aliyo nayo ni yale yanayopakana na jiji: hifadhi ndogo, misitu ya kupumzikia, mabonde yenye njia za matembezi.

Jiji liko mwendo wa saa moja tu. Kuna haja gani ya kujiandaa kana kwamba ninakwenda mbali?

Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Anayekwenda mbali hukagua mizigo yake mara mbili. Anayekwenda karibu hujiambia kwamba akisahau kitu atarudi kukichukua. Lakini ukishamshusha farasi kambini huwezi kumwacha peke yake ukarudi nyumbani kufuata ndoo.

Kuna jambo zito zaidi. Farasi akikata kamba usiku ndani ya pori kubwa hukutana na nyasi na miti. Akikata kamba pembezoni mwa jiji hukutana na barabara kuu. Farasi aliyeshtuka hukimbilia alikotoka, na kati ya kambi na alikotoka kuna magari. Mimi hilo ndilo ninaloliweka mbele katika kila uamuzi: mahali pa kulala, namna ya kufunga, hata siku ya kuondoka.

Ukaribu una heri zake pia. Simu inashika, daktari wa mifugo anaweza kufika, na ukiona mambo hayaendi unaweza kuvunja kambi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nitajuaje kama eneo linafaa?

Ulizia farasi kulala, si farasi kupita. Yapo maeneo yanayoruhusu farasi mchana lakini hayaruhusu walale, na tofauti hiyo haiandikwi kila mara kwenye kibao cha getini. Mpigie simu msimamizi mwenyewe. Muulize farasi hufungwa wapi usiku, bomba linatoa maji msimu huu au limefungwa, moto unaruhusiwa au la, geti hufungwa saa ngapi na ufunguo huwa kwa nani ikitokea dharura usiku wa manane. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Kisha nenda ukapaone bila farasi, na uende siku ya mapumziko, mchana, watu wakiwa wamejaa. Katikati ya juma kila mahali pametulia na hutajifunza kitu. Angalia hasa pa kugeuzia trela. Maegesho mengi ya karibu na jiji yamechorwa kwa magari madogo. Yakijaa, gari lenye trela linaweza kuingia likashindwa kutoka. Pima kwa hatua, usikisie kwa macho.

Ukifika kwenye kambi yenyewe, inama. Nimewahi kuokota nusu ndoo ya vipande vya chupa kwenye uwanja uliokuwa ukionekana safi kabisa kwa mbali. Vioo, misumari na waya uliozama kwenye majani, mtu mwenye viatu havioni, ukwato huvipata.

Niondoke nyumbani saa ngapi?

Mapema, siku ya kazi ukiweza, kabla foleni haijaanza. Trela inayotembea hupitisha hewa; ikisimama juani kwenye foleni, joto la miili ya farasi wenyewe linatosha kuifanya tanuri. Fungua matundu yote ya hewa. Panga ufike kambini jua likiwa limebakiza saa tatu kuzama, kwa sababu saa hizo ndizo za kutega kamba, kumwonyesha farasi maji yalipo na kumzungusha kambini angali anaona kila kitu. Farasi aliyefika gizani hulinda usiku kucha.

Siku ya kurudi, epuka jioni ambayo jiji zima linarejea kutoka mapumzikoni.

Trela nikague nini?

Matairi pamoja na la akiba, taa, kiungo kinachoishika trela kwenye gari, na zaidi ya vyote sakafu. Inua mkeka wa mpira uchome mbao kwa bisibisi. Mkojo huozesha mbao chini ya mkeka huku juu kukionekana hakuna kasoro. Beba kifaa cha kuinulia gurudumu kinachohimili uzito wa trela ikiwa na farasi ndani, kwa maana tairi likipasuka kwenye barabara kuu hutaki kuwashusha farasi pembeni ya magari. Wabaki ndani, tairi libadilishwe, safari iendelee.

Farasi anahitaji maji kiasi gani?

Farasi wa kilo 450 hadi 500 aliyepumzika, siku isiyo ya joto, hunywa lita 25 hivi. Akifanya kazi kwenye joto anaweza kufika lita 50 na kupita. Mimi hupanga kwa lita 50 kwa kila farasi kwa siku. Farasi wawili kwa siku mbili ni lita 200, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 200 zinazoongezeka kwenye mzigo wa trela. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukufanya uchague kambi yenye bomba.

Lakini maji kuwepo ni jambo moja, farasi kuyakubali ni jingine. Maji ya bomba la jiji huwa na klorini, na farasi huinusa tofauti hiyo kabla hajaonja. Beba lita 40 kutoka nyumbani uyachanganye na ya kambini kidogo kidogo. Wapo wanaomzoesha ladha moja wiki nzima kabla ya safari, kwa mfano juisi kidogo ya tufaha ndani ya ndoo, kisha kambini wanatia ladha ileile. Njia hiyo inafanya kazi. Nyasi kavu zilizolowekwa nazo humwingizia maji. Chora mistari ndani ya ndoo ili ujue amekunywa lita ngapi. "Nadhani amekunywa" haitakusaidia daktari atakapokuuliza.

Kuhusu vijito na mabwawa: mvua huosha mafuta ya barabarani na uchafu wa mitaa ikavishusha humo. Bwawa lenye utando wa kijani juu yake usimruhusu hata kutia mdomo. Baadhi ya utando huo hutoa sumu inayoua mifugo.

Nimlishe nini?

Alichozoea. Nyasi humeng'enywa na vijidudu vilivyomo tumboni mwa farasi, na vijidudu hivyo haviwezi kubadilishiwa chakula usiku mmoja. Kama lazima ubadilishe, anza siku 7 hadi 10 kabla, kwa kuchanganya. Kiasi cha kupangia ni nyasi kavu zenye uzito wa asilimia 2 ya uzito wake kwa siku: farasi wa kilo 450, kilo 9. Ongeza za siku moja ya akiba, na chumvi. Siku atakayosimama tu kambini, mpunguzie nafaka.

Tafuta nyasi kavu zisizo na mbegu za magugu, na uanze kumlisha hizo siku 3 au 4 kabla ya kuondoka. Mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai, na hifadhi ndogo iliyozungukwa na mitaa ina magugu ya kutosha tayari.

Hatari ya chakula inayohusu maeneo ya karibu na jiji ni watu wema. Mtu anapita na mfuko wa mkate, mwingine anamwaga nyasi zilizokatwa na mashine ya bustani akidhani anakufanyia hisani. Nyasi hizo zikirundikana huchacha, na farasi huzimeza kwa wingi bila kutafuna vizuri. Farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Andika kibao kikubwa, "Tafadhali msimlishe", ukiweke mahali mtu atakapokiona kabla hajamfikia farasi. Chunguza pia mimea ya mapambo kando ya njia na maegesho. Mwoleanda, ule wenye maua mazuri ya waridi na meupe, una sumu mbichi na mkavu, na majani machache yanaweza kumuua farasi.

Usiku nimfunge namna gani?

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika.

Kama eneo lina mazizi ya kudumu, chukua hayo, hata kama mandhari ya upande wa pili ni nzuri zaidi. Kama hayapo, chaguo langu ni kamba ya juu. Unatega kamba nene isiyovutika kati ya miti miwili mizima, juu ya kichwa cha farasi, mita 2 na zaidi, ikiwa imekazwa kwelikweli. Mtini usizungushe kamba tupu. Tumia mikanda mipana, kwa sababu kamba hukata gome, na mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Farasi anafungwa kwenye sehemu ya katikati ya kamba, mbali na miti yenyewe, asije akatafuna gome au kuchimba mizizi. Urefu wa kamba yake umwezeshe kufikisha pua kwenye nyasi, usilegee kiasi cha mguu kupita juu yake. Weka kizungushi cha chuma mahali kamba mbili zinapokutana, la sivyo atajisokota hadi asubuhi. Kati ya farasi na farasi acha nafasi ya kutosha wasifikiane kwa mateke. Na kambi nzima iwe mita 60 au zaidi kutoka mtoni au ziwani.

Uzio wa umeme wa kubebeka ni mwepesi na farasi hutembea kwa uhuru ndani yake. Lakini unamzuia farasi anayeuheshimu, akiwa ametulia. Farasi aliyeshtushwa na fataki za mtaa wa jirani ataupita kama utando wa buibui. Kama kuna barabara kuu ndani ya kilomita chache, sikushauri uutegemee peke yake. Pingu za miguu nazo zisikudanganye: farasi aliyezizoea hujifunza kuruka na miguu miwili ya mbele kwa pamoja, na anakwenda mbali kuliko unavyofikiri.

Kumfunga kando ya trela kwa usiku mmoja kunawezekana. Funika kila komeo na ncha inayotokeza, na ufunge kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Njia yoyote utakayochagua, ifanyie majaribio nyumbani kwa usiku tatu kabla ya safari. Usiku wa kwanza utamwona akipigana na kamba. Afadhali apigane nayo hapo.

Je, atalala kweli na kelele na taa zote hizo?

Usingizi mwepesi ataupata akiwa amesimama, ndivyo miguu yake ilivyoumbwa. Ule mzito humlazimu alale chini, na farasi asiyejiona salama halali chini. Usiku wa kwanza mara nyingi anaukosa. Kwa hiyo siku ya pili mpe safari fupi, na hema lako ulipige mahali anapokuona. Kukuona wewe na farasi mwenzake kunamtuliza kuliko ukimya.

Farasi wangu hajawahi kuona baiskeli wala droni. Nimzoeshe vipi?

Anza wiki sita kabla, si siku mbili. Ujue kwanza anavyoona: macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua. Baiskeli inayotokea nyuma kimyakimya inaingia ghafla machoni mwake kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwombe rafiki aendeshe baiskeli mbele yake mkiifuata; farasi anayekifukuza kitu hupata ujasiri. Baadaye ije ikikabiliana naye, mwisho kabisa itokee nyuma, mwendeshaji akiongea. Fanya hivyo hivyo kwa kigari cha mtoto, mwavuli, mbwa mwenye kamba ndefu.

Njia za chini ya barabara zinastahili siku zao wenyewe. Macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea giza baada ya mwanga, hivyo mlangoni mwa handaki yeye anaona shimo jeusi, na juu yake magari yananguruma. Simama nje umwache atazame. Akiwa bado anakataa, shuka umwongoze kwa miguu. Daraja la chuma na kipande cha lami kinachoteleza, vivyo hivyo. Viatu vya chuma juu ya lami iliyolowa ni kama kutembea juu ya sabuni.

Njiani nani ampishe mwenzake?

Desturi ya njia nyingi ni kwamba baiskeli na watembea kwa miguu humpisha farasi. Wengi kati ya watu mtakaokutana nao hawaijui, kwa kuwa hawajawahi kukutana na farasi njiani. Wewe ndiye utakayeanza: rudi kwenye mwendo wa kutembea, salimia, uombe wasimame upande wa chini wa mteremko na waendelee kuzungumza. Sauti ya mtu humwambia farasi kwamba kile chenye mkoba mkubwa mgongoni ni binadamu. Kisha shukuru. Njia nyingi za karibu na miji zimefungwa kwa farasi baada ya malalamiko ya watu, na malalamiko hayo huanza na mpanda farasi mmoja aliyepita kwa kasi bila salamu.

Twende umbali gani kwa siku?

Kwa safari ya kwanza, kilomita 15 hadi 20. Farasi hutembea kilomita 6 hivi kwa saa, kwa hiyo ni saa mbili na nusu hadi tatu na kitu juu ya tandiko, ukiacha mapumziko. Uzito anaobeba, yaani wewe, tandiko na mifuko yote, usizidi asilimia 20 ya uzito wake: farasi wa kilo 450, kilo 90. Pima mizigo kwenye mizani. Mifuko ya pembeni iwe na uzito sawa kushoto na kulia, maana tofauti ndogo tu huvuta tandiko upande na kumchuna mgongo.

Ushauri wangu ni kambi moja, usiku mbili, na kutoka asubuhi kurudi jioni palepale. Kuhamahama uache hadi safari ya tatu au ya nne.

Naweza kwenda peke yangu na farasi mmoja?

Nakusihi usifanye hivyo mara ya kwanza. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake mahali pageni hatulii, na wewe ukiumia hakuna wa kumshika.

Samadi nifanyeje?

Farasi mmoja anaweza kutoa kilo 20 za kinyesi kwa siku. Msituni mbali wengine huitawanya ikauke, na kama msimamizi ameruhusu hivyo, sawa. Karibu na jiji, ibebe. Nenda na uma, sepetu na mifuko migumu au mapipa yenye vifuniko. Iondoe pia ya maegesho, hata kama si ya farasi wako, na ile ya njia ya pamoja, shuka uisukume pembeni. Sijaona kitu kinachowaudhi majirani wa hifadhi kuliko hiki, na hakihitaji gharama yoyote isipokuwa mgongo kuinama.

Hati na chanjo gani zinahitajika?

Masharti hutofautiana baina ya nchi, hata baina ya majimbo, na huweza kubadilika mlipuko wa ugonjwa ukitokea. Muulize daktari wa mifugo wiki nne kabla, ili kama kuna chanjo iwe na muda wa kufanya kazi. Chanjo ya pepopunda usiikose kamwe, hasa kwenye ardhi yenye misumari na vioo. Beba hati za umiliki na kibali cha kambi kwenye mfuko usiopitisha maji.

Nitajuaje kwamba anaumwa?

Jifunze vipimo vyake akiwa mzima, uviandike. Kwa farasi aliyekomaa, akiwa amepumzika, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi ni 8 hadi 16, na joto la mwili ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Ugonjwa wa kuogopa zaidi kambini ni maumivu ya tumbo. Anageuka kutazama ubavu, anachimba ardhi kwa ukwato, anakataa chakula, hatoi kinyesi, anajilaza na kuinuka au kujiviringisha. Ondoa chakula chote, pima moyo, mpigie daktari papo hapo. Moyo ukipiga zaidi ya mara 60 kwa dakika naye amesimama tu, ni dharura. Mtembeze taratibu kama anataka kujiviringisha, lakini usimchoshe, na usimpe dawa bila kuelekezwa, kwa kuwa dawa ya maumivu inaweza kuficha dalili ambazo daktari anazihitaji.

Daktari atauliza uko wapi. Uwe umeandika jina la geti, namba za eneo kutoka kwenye simu, na kama gari lake linaweza kufika. Namba yake iwe kwenye karatasi pia, simu huzima.

Akitoroka je?

Kwanza piga simu ya dharura ya polisi useme farasi yuko huru na anaelekea barabara gani. Ndipo umtafute. Watu wengi hufanya kinyume, na dakika kumi zinapotea. Usimkimbize. Chukua farasi mwenzake na ndoo yenye punje kidogo, itikise, umwendee kwa ubavu. Ukanda wake wa kichwani uwe na kibandiko cha chuma chenye namba ya simu mliyo nayo kambini, si ya nyumbani kusiko na mtu, na avae usiku na mchana mkiwa safarini. Simu yako iwe na picha zake za pande zote mbili.

Tukirudi nyumbani kuna la kufanya?

Mshushe, mpe maji, kisha pitisha mkono kwenye miguu yote minne ukitafuta joto na uvimbe. Safisha kwato kwa makini ukitafuta vioo. Tazama alama za jasho chini ya tandiko: doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa huonyesha mahali palipobanwa sana. Osha sakafu ya trela siku hiyo hiyo. Mpumzishe siku mbili, na uendelee kuhesabu lita anazokunywa na vinyesi anavyotoa, kwa sababu tumbo lililovurugika safarini linaweza kuanza kuuma ameshafika zizini kwake.